JICHO LINALOTANGULIA

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze jambo ambalo pengine utastaajabu kuliona likiandikwa na mwalimu wa chuo cha Kurani: namna kamera inavyowekwa na inavyotembezwa katika dakika za mwanzo za senema za kutisha. Usilikunje jarida kwa haraka. Sikukusudia kuipigia senema upatu, wala sikukusudia kutoa hukumu ya kutazama na kutotazama. Hukumu hizo zina mahala pake na zina wenyewe. Nimekusudia kusema juu ya jicho, na juu ya amana aliyonayo yule anayewatazamisha wenzake.

Wazee wetu wamesema macho hayana pazia. Ni kweli, lakini maneno hayo yalisemwa zama ambazo kila mtu alitazama kwa macho yake mwenyewe. Aliyetaka kumwona mtu kwa karibu alimsogelea, na alipomsogelea ilimbidi amsalimie. Katika senema si hivyo. Hapo jicho lako unalikodisha. Mwingine amekuchagulia kitu cha kutazama, amekuchagulia mahala pa kusimama, na amekuchagulia muda wa kukaa hapo. Na anayekuchagulia la kutazama amekwisha kukuchagulia nusu ya yale utakayoyadhani. Jambo hili limetufika hapa kwetu Tabora, na limemtia mashakani mama mmoja asiye na kosa. Ndiyo sababu ya kushika kalamu.

CHUMBA CHENYE GIZA

Neno kamera asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Chumba chenyewe ni chumba cha giza chenye tundu dogo. Na miongoni mwa watu waliokichunguza chumba hicho kwa elimu na majaribio ni mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata mwaka 1040. Kabla yake wengi katika mabingwa wa Kiyunani walishikilia kuwa jicho hutoa miale ikaenda kukigusa kitu kinachotazamwa. Yeye katika Kitabul Manadhir akabainisha kinyume chake: mwanga hutoka kwenye kitu ukaja jichoni. Akaonyesha pia namna mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia chumba chenye giza.

Mimi jambo hili nililiona kabla sijalisoma. Chuo nilichosomea nikiwa mtoto kilikuwa na ukuta wa udongo, na katika mbao za dirisha palikuwa na tundu la kupitisha kidole. Dirisha likifungwa wakati wa jua kali, mwembe uliokuwa nje ulionekana ukutani, umepinduka juu chini, na majani yake yakitikisika. Watoto wageni walipiga kelele wakakimbia. Sisi tuliozoea tulicheka, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa ametuonyesha tundu. Alikuwa akiliziba kwa kidole, na mti hutoweka. Akiondoa kidole, mti hurudi. Tangu siku hizo nimejua kuwa nusu ya khofu ya mtu ni kutojua tundu liko wapi.

KIRANGOZI WA MSAFARA

Wasomaji wa pwani mnaijua Tabora kwa masimulizi ya mababu. Njia kuu ya misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapa ikagawanyika: wengine wakaenda Ujiji kwenye ziwa, wengine kaskazini Karagwe na Buganda. Burton na Speke, wale Waingereza wawili, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika hapa mwezi wa Novemba. Zama hizo wageni walipaita Kazeh. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ndipo njia ya miguu ilipoanza kufa. Kilichobaki ni miembe mikubwa upande wa Kwihara, ambayo watu husema imeota kwa kokwa za misafara, na tembe ya Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley, ambayo sasa ni makumbusho.

Katika kila msafara alikuwako kirangozi. Yeye ndiye aliyetangulia, akichukua bendera, na haikuwa ruhusa kwa mpagazi yeyote kumpita. Nyuma yake watu walijipanga mmoja mmoja, kila mpagazi na mzigo wa kama frasila mbili begani, na kila mmoja akiona mgongo wa mwenzake. Basi njia waliyoiona ni ile aliyoichagua kirangozi. Akipinda, wamepinda. Akisimama ghafla, khofu hushuka msafara mzima hadi kwa mtu wa mwisho, ingawa wa mwisho hajaona kitu.

Nikitaka kuwafahamisha vijana kamera ni nini, huwaambia kuwa kamera ni kirangozi. Inatangulia, na wewe huwezi kuipita.

Palikuwapo mahala katika njia hiyo palipoogopwa sana, paitwapo Mgunda Mkali. Ni lile pori lililokuwa kati ya Ugogo na Unyamwezi, lenye maji ya shida na vichaka vilivyoshikana. Reli ya kati inakatiza nchi hiyo hiyo upande wa Itigi kuja Tura. Babu yangu alikuwa akisimulia khabari za Mgunda Mkali alizozipokea kwa baba yake, aliyekuwa mpagazi. Nimezisikia mara nyingi, na kila mara nilizingatia anavyoanza. Hakuanza na simba, wala hakuanza na wanyang'anyi. Alianza na miguu: vumbi, mwiba, kisigino kilichopasuka. Halafu hupanda kwenye kibuyu cha maji, akakitikisa kwa mkono mtupu tusikie kuwa kimebaki kidogo. Halafu akanyamaza, akageuza uso polepole kutazama nyuma ya bega lake. Sisi watoto sote tuligeuka tukatazama nyuma yetu, tukaona ukuta. Hapo ndipo tulipoogopa, na wala hajataja kitu cha kuogopwa.

Babu hakupata kuona kamera maishani mwake. Lakini kazi aliyoifanya ni hiyo hiyo: alichagua pa kuliweka jicho letu, akalitembeza, akalizuia.

FILAMU TATU ZINAVYOFUNGULIWA

Kijana mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, ambaye nitamtaja tena huko mbele, alikuja na kompyuta akanionyesha mianzo ya filamu mbili mashuhuri za Marekani. Nilimwambia anionyeshe mwanzo tu, kisha azime. Ya tatu nilikuwa nimekwisha kuijua mwenyewe, nayo ni ya Kihindi, na wengi katika wasomaji wa umri wangu wanaijua. Nitazieleza zote tatu, kwa kuwa kila moja ina hila yake.

Ya kwanza ni Mahal, iliyotoka Bombay mwaka 1949, ikiongozwa na Kamal Amrohi. Mpiga picha alikuwa Josef Wirsching, Mjerumani aliyehamia India. Inaanza usiku wa mvua na ngurumo. Mtu anaingia katika jumba lililohamwa, na mtunza bustani mzee anamsimulia khabari za waliokufa hapo. Kamera haina haraka. Inakaa kwenye kivuli kabla ya kukaa kwa mtu. Mgeni anaona ukutani picha ya mwenye jumba wa zamani, na sura ni yake mwenyewe. Halafu unasikia mwanamke akiimba, wala humwoni. Mgeni anamtafuta chumba hata chumba, na jicho lako linamfuata. Inasimuliwa kuwa walipoirekodi nyimbo hiyo, Lata Mangeshkar aliambiwa aanzie mbali na kinasa sauti, kisha akisogee huku anaimba, ili msikilizaji ahisi kuwa kitu kinamjia. Hila ya Mahal ni kuchelewesha: sauti kwanza, uso baadaye.

Ya pili ni The Shining, iliyotoka mwaka 1980, ikiongozwa na Stanley Kubrick. Mwanzo wake umepigwa kwa helikopta katika milima ya Montana. Unaona ziwa na kisiwa kidogo katikati, halafu barabara nyembamba, na juu ya barabara kigari cha rangi ya manjano, kidogo kama mdudu. Hapana damu, hapana kelele ya mtu. Kuna muziki mzito, na kuna jicho linalokifuata kigari kutoka juu, likikikaribia, likakipita, likaambaa upande wa bonde. Sasa jiulize, ndugu msomaji: jicho hilo ni la nani? Si la msafiri, kwa kuwa yeye yumo ndani ya gari. Si la mtu wa barabarani. Ni jicho lisilo na mwenyewe, na moyo wa mtazamaji hauupendi mtazamo usio na mwenyewe. Hila ya filamu hii ni kimo. Aliye juu ana nguvu, na aliye chini hana khabari kuwa anatazamwa.

Ya tatu ni Halloween ya mwaka 1978, kazi ya John Carpenter na mpiga picha wake Dean Cundey. Walitumia kifaa kiitwacho Panaglide, ambacho mpiga picha hukivaa mwilini, na kamera ikaelea bila kutikisika kama inavyotikisika ikishikwa kwa mikono. Kwa muda wa kama dakika nne kamera inatembea kama mtu. Ni usiku, inaizunguka nyumba kwa ubavuni, inachungulia dirishani, inaingia kwa mlango wa jikoni. Mkono unatokea mbele ya macho yako, unachukua kisu, kana kwamba ni mkono wako. Kisha unavaliwa uso wa bandia, na tangu hapo unatazama kwa matundu mawili. Sitasimulia yanayofuata. Nitasema mwisho wake tu: muuaji anatoka nje, wazazi wanafika, wanauvua ule uso wa bandia, na hapo kamera kwa mara ya kwanza inaacha kuwa jicho lake na kugeuka kumtazama. Ni mtoto wa miaka sita.

Hila ya filamu hii ndiyo kubwa kuliko zote. Imekuazima macho ya muuaji, ukatembea naye, ukachungulia naye, na hukujua ni nani uliyemwazima macho. Kijana alipozima kompyuta nilimwambia: "Mwanangu, mwanzo huu una somo kuliko unavyodhani. Yule aliyekuwa akitazamwa hakuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwa anayetazama." Akasema, "Ndiyo maalim." Lakini kusema ndiyo ni jambo moja, na kufahamu ni jingine.

MBU MKUBWA

Kabla sijafika kwenye kisa chetu, nataka nipitie jambo la historia, kwa sababu watu wengine husema kuwa watu wetu hawajui kusoma picha. Neno hilo ni la zamani na lina wenyewe.

Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa filamu za mafunzo uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Waingereza Notcutt na Latham. Walipiga filamu za kodi, za akiba ya posta, za maradhi ya safura, wakazizungusha kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza ikaunda idara ya filamu za makoloni, ikiongozwa na William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi hiyo Nigeria katika mambo ya afya. Mafundisho ya Sellers yalikuwa kwamba Mwafrika asionyeshwe kamera inayogeuka huku na huku, kwani atadhani miti na nyumba ndizo zinazokwenda. Asionyeshwe pembe za ajabu. Picha iwe tuli na mambo yaende polepole. Haya yalisemwa wakati ambapo Unguja senema ya Royal ilikuwa imefunguliwa tangu mwaka 1921, na watu wa pwani wakitazama na kubishana juu ya wachezaji kama wanavyobishana juu ya mipira.

Na kisa kilichosimuliwa sana na maofisa wale ni cha mbu. Walionyesha filamu ya malaria, na mbu akaonekana amejaa kitambaa kizima. Watazamaji, ati, wakasema: sisi hatuna khofu, mbu wetu ni wadogo. Maofisa wakacheka, wakakichukua kisa kuwa ushahidi wa ujinga.

Mimi nakisoma kisa hicho kwa namna nyingine. Kama kilitokea hivyo, wale watazamaji walisema kweli. Walioonyeshwa kitu bila kipimo wakauliza kipimo. Aliyekuza kitu ni juu yake kusema kuwa amekikuza, na kwa kiasi gani. Kama hakusema, kosa si la anayetazama. Nalo ndilo jambo lililotokea hapa kwetu, isipokuwa aliyekuzwa safari hii hakuwa mbu.

MAMA WA KUNI

Katika nchi yetu filamu za majini na mizimu si jambo geni. Tangu miaka ya 2000 zimetengenezwa nyingi, na waongozaji kama Mussa Banzi, aliyetoa Nsyuka na Shumileta, walijulikana kwa hizo. Basi yule kijana wangu na wenziwe wanne wakaazimia kutengeneza filamu yao kwa simu na kidege kidogo cha kamera walichoazima, juu ya njia ya misafara na mizimu ya wapagazi. Wazo si baya. Njia ile ina mauti mengi: ya wapagazi, na ya watu waliopelekwa pwani na minyororo shingoni. Anayetaka kutisha watu kwa haki, hapo ana mali.

Lakini hawakuanza na hayo. Walianza na bibi kikongwe. Picha ya kwanza ilipigwa kutoka juu: miembe, njia, na mtu mmoja mdogo amebeba mzigo wa kuni. Ya pili ilishuka vichakani, ikamfuata kwa nyuma, majani yakipita mbele ya macho na pumzi za mtu zikisikika. Ya tatu kamera ilikuwa chini ardhini, pembeni mwa mafiga. Bibi ameinama kupuliza moto, na unamwona kutoka chini: kidevu, matundu ya pua, na macho mekundu yaliyojaa kioo kizima. Muziki ukapiga, giza, likatoka jina la filamu.

Bibi huyo ni jirani yangu. Ni mjane, umri wake umepita miaka sabini, anauza uji na maandazi asubuhi. Walimpa shilingi elfu tano abebe kuni kama anavyobeba kila siku, na hawakumweleza picha ni ya nini. Kisha, kwa furaha ya ujana, wakaurusha ule mwanzo katika simu za watu ili filamu isubiriwe.

Wasomaji wa pwani huenda msijue uzito wa jambo hili, basi niwaeleze. Katika mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa, kwa miaka mingi, vikongwe, hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu katika taarifa zake za mwaka kimehesabu mamia ya waliouawa kwa dhana hiyo. Na dalili inayotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, miaka hamsini ya kupikia waume na watoto katika nyumba isiyo na dirisha. Mwanamke hulipwa dhana kwa kazi yake. Pia nchi hii imewaua watu wenye ualbino kwa ushirikina, hata mwezi wa Januari 1015 haungekuwa na la kuona aibu mbele ya Januari 2015, Serikali ilipolazimika kupiga marufuku waganga wapiga ramli.

Haikupita wiki. Watoto walianza kuvuka upande wa pili wa njia wakimwona. Mteja wake wa uji wa kila siku akahama. Mmoja kwenye genge akasema, "Lisemwalo lipo," na lililosemwa halikuwa neno, lilikuwa picha. Usiku wa Jumanne mawe matatu yakaanguka juu ya bati lake.

Nilimwita kijana. Sikumkemea. Nilimwambia afungue simu, tukaitazama ile picha moja moja, na kwa kila picha nilimuuliza swali moja tu: nani anatazama? Kwa ya kwanza akasema, "Hapana mtu, maalim, ni kidege." Kwa ya pili akafikiri, akasema, "Ni mtu aliyejificha kichakani, anamvizia." Nikamuuliza, "Na katika nchi hii, anayewavizia vikongwe vichakani ni nani?" Akanyamaza. Kwa ya tatu hakujibu kabisa. Alizima simu akasema, "Nimewapa watu macho ya wauaji, na mchawi nimemfanya yeye."

Tukaenda pamoja kwa bibi. Kijana akampigia magoti, akamweleza yote, akamwomba radhi. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi akasema, "Maalim, nimetazamwa miaka sabini. Nimetazamwa nikiwa mwali, nimetazamwa nikiwa mjane. Kuogopwa ndiyo kwanza." Akaendelea kuchochea moto wake.

Ijumaa baada ya sala, watu wakiwa bado barazani nje ya msikiti, nikawaomba wasubiri. Kijana akaeleza kwa kinywa chake walichokifanya. Halafu nikakaa juu ya kigoda, nikamwambia aweke simu chini karibu na miguu yangu, kama alivyofanya kwa bibi, na anipige picha nikiinama. Simu ikapitishwa mkono kwa mkono. Wallahi nilikuwa zimwi: ndevu zimekuwa msitu, pua mapango mawili, macho yametoka. Watu wakacheka hata wazee. Nikawaambia, "Huyu ndiye aliyewasalisha sasa hivi. Kama yule bibi ni mchawi kwa picha ile, nami ni mchawi kwa hii. Na anayetaka kurusha mawe ajue nyumba yangu iko wapi." Kicheko kikaisha. Niliwaonyesha tundu, kama mwalimu wangu alivyotuonyesha.

Vijana wale wakaupiga upya mwanzo wa filamu yao, safari hii kwa idhini ya bibi na kwa ujira wa haki. Waliiweka kamera ndani ya nyumba yake, kwa kimo cha kigoda, na hawakuitembeza. Unamwona anapika. Moshi unajaa, anafumba macho, anayafuta kwa ncha ya kanga, na unaona kwa macho yako yanavyokuwa mekundu. Kimya. Halafu jiwe juu ya bati. Bibi anainua kichwa kuutazama mlango, na kamera nayo inautazama mlango pamoja naye, haiondoki. Basi. Nimeona watu wazima wakivuta pumzi mbele ya picha hiyo. Inatisha kuliko ile ya kwanza, na khofu yake ni ya haki, kwa kuwa inamwogopea mtu badala ya kumwogopa.

Sitaki kukudanganya, ndugu msomaji, kuwa mambo yote yametengenea. Mteja wa uji amerudi. Watoto wengi wanamwamkia. Lakini ipo nyumba moja ambayo bado hawampi salamu, na ile picha ya kwanza bado inazunguka katika simu za watu wasiojulikana, hata vijiji vya mbali ambako hapana wa kuwaonyesha tundu. Neno likitoka kinywani halirudi, na picha ni zaidi ya neno.

NASAHA KWA WENYE NYUMBA

La kwanza, wazazi, msikae mbali na vinavyotazamwa na watoto wenu. Kumkataza mtoto na kwenda zako hakutoshi, maana atatazama kwa jirani. Mfundishe kuuliza: nani anatazama hapa? Amesimama wapi, juu, chini, au mafichoni? Kitu hiki kimekuzwa kiasi gani? Mtoto anayeuliza hayo hatotishwa na kila kivuli, wala hatomchukia mtu kwa sababu ya pembe ya kamera.

La pili, enyi vijana mnaopiga picha, mjue kuwa kila mahala mnapoiweka kamera ni hukumu. Mkimtazama mtu kutoka juu mmemdogosha. Mkimtazama kutoka chini mmemtukuza au mmemfanya wa kutisha. Mkimfuata kwa nyuma mmemfanya windo. Mkikaa naye kwa kimo chake mmemfanya mwenzenu. Yote yanaweza kuwa na mahala pake, lakini lazima mjue mnachokifanya, na mwenye uso aombwe idhini na aelezwe.

La tatu ni letu sote. Dhana mbaya ni katika mambo tuliyokatazwa, na zamani dhana ilihitaji ulimi ili isafiri. Leo inasafiri bila ulimi. Mtu anapokea picha ya mwenziwe usiku, hasemi neno, anaisukuma mbele kwa kidole, na kulala usingizi. Huyo naye ni kirangozi kwa walio nyuma yake. Kabla hujaisukuma, simama, kama alivyosimama kirangozi mwema akisikia kitu porini, uchunguze njia unayowapitisha wenzako.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu na macho ya watoto wetu, awahifadhi vikongwe wetu na shari ya dhana, na atujaalie tuwatazame viumbe wake kwa kimo chao. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.